Nyuki na wadudu wengine huvunjaje sumu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayowachanganya hata wafugaji wa miaka mingi. Palipo na uhusiano na swali jingine, nambari yake imetajwa. Mwenye haraka kwa sababu jirani yake anapuliza dawa leo na aanze na swali la 11.

## Mambo ya msingi

1. Mdudu hana ini. Sumu anaivunjia wapi?

Ini hana, lakini kazi ya ini anayo, imegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza ni utumbo wa kati, ambako chakula kinameng'enywa na sumu nyingi kukutana na upinzani wa kwanza. Ya pili ni tishu ya mafuta iliyotandaa ndani ya fumbatio. Hii huhifadhi akiba ya chakula na pia hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja sumu. Ya tatu ni mirija ya Malpighi, vijifereji vyembamba kama nyuzi vinavyochuja damu ya mdudu na kumwaga taka kwenye utumbo wa nyuma, zitoke na kinyesi.

"Kuvunja sumu" hapa hakumaanishi kwamba sumu inapotea. Maana yake inabadilishwa umbo hadi isiweze tena kushika pale ilipokusudia, na iyeyuke kwenye maji kiasi cha kutolewa nje.

2. Hatua zenyewe ni zipi?

Ni tatu, na tuzifuate kwa molekuli moja ya kweseti iliyomo kwenye chavua. Kweseti ni kemikali ya mimea inayopatikana karibu katika kila chavua na kila asali, kwa hiyo hakuna nyuki asiyekutana nayo.

Nyuki anaimeza. Kwenye ukuta wa utumbo inapokelewa na kimeng'enya cha familia ya P450. Hiki kina chembe ya chuma katikati yake, na kazi yake ni kupachika oksijeni mahali palipokuwa laini, kama mtu anayetoboa tundu kwenye debe ili apate pa kushika. Kwa nyuki wa asali, kazi ya kweseti inafanywa na P450 za kundi linaloitwa CYP6AS. Hatua ya pili, kimeng'enya kingine kinabandika kitu kizito kwenye hilo tundu: sukari, au glutathioni, ambayo ni kipande kidogo cha protini. Sasa mzigo unayeyuka kwenye maji. Hatua ya tatu, pampu zilizo kwenye utando wa seli zinausukuma nje, na mirija ya Malpighi inamalizia.

Wapo pia esterasi, vimeng'enya vinavyokata molekuli katikati kwa kutumia maji. Hao ni muhimu sana kwa dawa za jamii ya pareto na za fosfati.

3. Kwani mimea inawapa nyuki sumu? Si inawahitaji?

Inawahitaji, lakini kemikali zinazolinda majani huvuja hadi kwenye mbochi na chavua. Mbochi ya tumbaku ina nikotini. Ya kahawa na michungwa ina kafeini. Ya mlozi ina amigdalini, ambayo ikivunjwa vibaya hutoa sianidi. Chavua ndiyo yenye kemikali nyingi zaidi kuliko mbochi, na ni kawaida: mmea unataka chavua ifike kwenye ua jingine, hautaki iliwe.

Si zote zinazodhuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba nyuki waliopewa kafeini kwa kiwango kile kile kilichomo kwenye mbochi walikumbuka harufu ya ua siku ya pili kwa idadi mara tatu ya wale waliopewa sukari tupu. Kwa maneno mengine, mmea unamlewesha mteja ili arudi.

## Nyuki wa asali

4. Nimesoma kwamba nyuki ana jeni chache za kuvunja sumu. Ndiyo sababu anakufa ovyo?

Nusu ya kwanza ni kweli. Jenomu ya nyuki wa asali ilipochapishwa mwaka 2006, zilihesabiwa jeni 46 za P450. Nzi wa matunda anazo zaidi ya 80, na mbu wa malaria Anopheles gambiae zaidi ya 100. Jeni za vimeng'enya vya kubandika glutathioni na za esterasi nazo zilikuwa pungufu. Watu wakahitimisha haraka kwamba nyuki ni mdudu dhaifu aliyedekezwa na asali.

Hitimisho hilo halikusimama. Wanasayansi walipolinganisha vipimo vya kuua vya dawa nyingi, nyuki hakuonekana dhaifu kuliko wadudu wengine kwa ujumla. Kwa dawa fulani ni mwepesi kufa, kwa nyingine ni mgumu kuliko nzi. Wingi wa jeni peke yake hauelezi mengi. Kiwavi anayekula majani mabichi ya mimea mingi anahitaji funguo nyingi. Nyuki anakula vitu viwili tu, mbochi na chavua, tena vikiwa vimekaushwa na kuchachushwa mzingani kabla ya kuliwa na wengi wao.

Mimi naona hatari iko pengine: funguo zake ni chache na zinatumika kwenye milango mingi. Kimeng'enya kile kile kinaweza kuhitajika kwa kemikali ya chavua, kwa dawa ya utitiri na kwa kiuadudu cha shambani, vyote kwa siku moja. Majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye jambo hili.

5. Dawa mbili za jamii moja: moja inaua nyuki kwa chembe, nyingine haiwadhuru sana. Kwa nini?

Mfano bora ni imidaklopridi na thiaklopridi. Zote ni neonikotinoidi, zote zinashika kipokezi kile kile cha neva ambacho nikotini hushika. Lakini imidaklopridi humuua nyuki kwa nanogramu, ilhali thiaklopridi inahitaji mikrogramu zaidi ya kumi. Tofauti hiyo ni ya mara mia kadhaa hadi maelfu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kipokezi ndicho kinachotofautisha. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha sababu kubwa ni kimeng'enya kimoja, CYP9Q3. Kinaivunja thiaklopridi kwa wepesi, imidaklopridi kinaishughulikia kwa shida. Vimeng'enya vya ukoo huo huo wa CYP9Q ndivyo vinavyovunja dawa mbili zilizotumika miaka mingi dhidi ya utitiri wa varoa, yaani tau-fluvalineti na kumafosi. Ukielewa hivyo, swali la 11 litakuwa rahisi.

6. Nikiwalisha nyuki maji ya sukari, si wanapata nguvu zile zile?

Nguvu ya kuruka wanapata. Nguvu ya kuvunja sumu, hapana.

Ukuta wa nje wa chembe ya chavua, ule mgumu kuliko karibu kitu chochote kwenye mmea, una asidi ya p-kumariki. Vipande vyake huingia kwenye asali pia. Mwaka 2013 ilibainika kwamba nyuki wanaokula asidi hii huwasha jeni nyingi za kuvunja sumu, zikiwemo za CYP9Q, pamoja na baadhi ya jeni za kinga dhidi ya vimelea. Utumbo wa nyuki waliolishwa sukari yenye asidi hiyo ulivunja kumafosi kwa kiwango cha juu kwa asilimia 60 hivi kuliko wa wale waliokula sukari tupu.

Kwa hiyo chakula chenyewe ndicho kengele. Nyuki anaonja chavua, mwili unajua kemikali za mimea zinakuja, unaandaa vimeng'enya mapema. Sukari nyeupe haina kengele hiyo. Kuwalisha sukari wakati wa njaa si kosa, afadhali sukari kuliko kufa. Lakini kundi lililoishi kwa sukari na kisha likatoka moja kwa moja kwenda shamba lililopulizwa limeingia vitani bila kuamshwa. Chavua inaleta pia protini, na bila protini hakuna vimeng'enya vya kutengeneza.

7. Mzinga wenyewe una msaada wowote, au kila nyuki anajipigania?

Una msaada mkubwa. Mbochi ya shamba moja lenye sumu huchanganywa na ya mashamba mengine, kwa hiyo ukali unapungua. Mlishaji, yaani nyuki anayetoka kutafuta chakula, akibeba mzigo mkali sana mara nyingi hufia njiani. Ni msiba kwake, lakini sumu haikufika nyumbani. Nyuki walezi hula chavua na kuigeuza kuwa maziwa ya nyuki kwenye tezi za kichwani, na mabaki ya dawa kwenye maziwa hayo huwa kidogo mno kuliko yaliyokuwa kwenye chavua. Malkia, ambaye hula maziwa hayo, anapata chakula kilichochujwa na miili ya watoto wake.

Gundi ya nyuki nayo imo. Katika majaribio, nyuki waliolishwa dondoo la gundi waliishi muda mrefu zaidi walipopewa aflatoksini, sumu ya kuvu inayoweza kuota kwenye chakula kilichohifadhiwa.

8. Bakteria wa tumboni wanahusika?

Ndiyo, kwa kiasi. Baadhi ya Bifidobacterium wa utumbo wa nyuki huvunja amigdalini iliyotajwa kwenye swali la 3. Ndiyo maana kiuamagugu kama glaifoseti, ambacho hakikulengwa kwa mdudu yeyote, kimezua mjadala: kinazuia njia ya kikemikali ambayo mimea wanayo na bakteria wengi wanayo, na majaribio ya mwaka 2018 yalionyesha kinapunguza bakteria muhimu wa nyuki.

9. Kwa nini nyuki wasionje sumu wakaiacha?

Ladha kali ya baadhi ya kemikali za mimea wanaihisi, na ikizidi wanaikataa. Neonikotinoidi hawazihisi. Mwaka 2015 watafiti walipima neva za ladha mdomoni mwa nyuki na kukuta hazishtuki kabisa kwa dawa hizi. Jambo baya zaidi, walipopewa nafasi ya kuchagua, nyuki walinywa zaidi sukari yenye imidaklopridi au thiamethoksamu kuliko ile safi. Kwa hiyo wazo la "wataliepuka shamba wenyewe" lisitegemewe.

## Wadudu wengine

10. Wadudu wengine wanafanyaje? Wote wanavunja kama nyuki?

Hapa ndipo penye visa. Kuvunja ni mbinu moja tu.

Kiwavi wa Manduca sexta hukaa juu ya mtumbaku akila majani ambayo yangeua wadudu wengi. Nikotini nyingi anaitoa nje na kinyesi bila hata kuhangaika kuivunja. Sehemu ndogo huipitisha kwenye damu kwa msaada wa kimeng'enya CYP6B46, na kuitoa kupitia matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni. Buibui mwindaji akimkaribia usiku, anakutana na pumzi ya nikotini na kurudi nyuma. Watafiti walipozima jeni hiyo, buibui wakala viwavi bila wasiwasi. Harufu mbaya ya mdomo imekuwa silaha.

Kipepeo wa monaki yeye havunji. Mmea anaokula una kemikali zinazobana pampu ya sodiamu kwenye seli, pampu ambayo mnyama yeyote akibanwa moyo husimama. Monaki amebadilisha pampu yenyewe mahali pachache tu, sumu ikakosa pa kushika. Mwaka 2019 wanasayansi waliyahamishia mabadiliko hayo kwa nzi wa matunda, na nzi hao wakaweza kuishi wakila sumu hiyo. Monaki huihifadhi mwilini pia, na ndege anayemdonoa hutapika.

Fukusi mdogo wa buni, Hypothenemus hampei, anaishi ndani ya punje ya kahawa akizungukwa na kafeini. Kazi ya kuivunja amewaachia bakteria wa tumboni, hasa Pseudomonas. Nzi mweupe Bemisia tabaci alikwenda mbali zaidi: ana jeni ambayo asili yake ni mmea, iliyohamia kwake zamani, na anaitumia kuzima sumu za mimea hiyo hiyo. Mwizi aliyeiba ufunguo wa ghala, akautumia kufungulia. Hilo lilichapishwa mwaka 2021.

Na nyuki hawafanani. Nyuki mkata-majani Megachile rotundata, anayetumika kuchavusha alfalfa, hana ukoo wa CYP9Q kabisa, na thiaklopridi inamuua kwa kipimo kidogo zaidi ya mara 2,500. Upande mwingine, sumu ya maua ya Rhododendron huua nyuki wa asali wa Ulaya, ilhali nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi Bombus hawaijali. Asali ya maua hayo ndiyo iliyowalaza chini askari wa Kiyunani karibu na Bahari Nyeusi mwaka 401 KK. Jaribio lililofanywa kwa nyuki wa asali peke yake, basi, haliwasemei nyuki wote.

## Mchanganyiko, usugu na hali zenye utata

11. Jirani anapuliza dawa ya kuvu tu. Lebo inasema haiui nyuki. Nina sababu ya wasiwasi?

Unayo, kama kuna kiuadudu chochote karibu.

Viuakuvu vya jamii ya azoli, propikonazoli kwa mfano, hufanya kazi kwa kuziba P450 ya kuvu. P450 za nyuki ni ndugu wa mbali, nazo huzibika. Peke yake dawa hiyo haiui nyuki kwa kipimo cha kawaida, na lebo haijadanganya. Lakini nyuki aliyezibwa amepoteza ufunguo wake. Katika jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2004, thiaklopridi iliyochanganywa na propikonazoli ilikuwa kali zaidi ya mara 500 kuliko ilipokuwa peke yake. Imidaklopridi haikupanda hata mara mbili. Rudi kwenye swali la 5 uone sababu: huwezi kupoteza ulinzi ambao hukuwa nao.

Shambani vipimo hutofautiana na maabara na mara 500 hiyo usiitarajie kila mahali. Hata hivyo, kuchanganya azoli na kiuadudu kwenye tangi moja wakati maua yamefunguka ni jambo la kukataa kabisa. Apulize jioni nyuki wakiwa wamerudi, au asubiri maua yaanguke.

12. Kuna wakati kimeng'enya humuumiza mdudu badala ya kumwokoa?

Upo. Dawa nyingi za fosfati, kama klopirifosi na malathioni, huingia mwilini zikiwa dhaifu. P450 inapopachika oksijeni, zinageuka kuwa kali na kubana kimeng'enya cha neva. Kwa hiyo kizibo cha P450 kinachoongeza ukali wa pareto kinaweza kupunguza ukali wa baadhi ya fosfati. Imidaklopridi nayo ikivunjwa hutoa mabaki ambayo baadhi yake bado ni sumu.

13. Mbu na nzi wamekuwa sugu. Kwa nini nyuki hawawi sugu?

Usugu si jambo jipya. Taarifa ya kwanza ya kisayansi ni ya mwaka 1914, juu ya wadudu-gamba waliostahimili mchanganyiko wa chokaa na salfa. DDT ilipoanza kutumika sana, nzi wa nyumbani sugu walionekana kabla ya miaka ya 1940 kwisha, wakiwa na kimeng'enya cha glutathioni kilichoing'oa klorini moja. Mbu wa malaria wameongeza uzalishaji wa P450 kama CYP6P9a, ndiyo sababu baadhi ya vyandarua siku hizi vina piperonili butoksidi, kizibo cha P450, kando ya dawa yenyewe. Hila ni ile ile ya swali la 11, hapa ikifanywa kwa makusudi.

Nyuki yuko kwenye hali nyingine. Wanaokufa shambani ni vibarua, na vibarua kwa kawaida hawazai. Anayezaa, malkia, amejificha nyuma ya chujio la swali la 7. Mbu mmoja jike aliyenusurika anaacha mamia ya mayai yenye jeni zake ndani ya wiki. Kundi la nyuki lililonusurika litagawanyika pengine mara moja au mbili kwa mwaka. Uteuzi upo, lakini unakwenda taratibu sana ukilinganisha na kasi ya dawa mpya.

Kuna njia ya mkato ambayo bado inanishangaza: kunguni wa maharage Riptortus pedestris huokota bakteria Burkholderia kutoka kwenye udongo kila kizazi, na udongo uliopulizwa fenitrothioni mara kwa mara huwa na bakteria wanaokula dawa hiyo. Akiwameza, mdudu anakuwa sugu papo hapo, bila kubadilika jeni hata moja.

14. Nitajuaje kwamba nyuki wangu wamezidiwa na sumu na si ugonjwa?

Simama mbele ya mlango wa mzinga. Nyuki aliyepigwa na dawa ya neva hutembea kama mlevi, mabawa yanatetemeka bila kumnyanyua, anaanguka chali na kuzunguka kwa mgongo kama pia. Wengi hufa ulimi ukiwa umetoka nje. Walinzi huwafukuza ndugu zao kwa sababu hawanuki wala hawatembei kama wa nyumbani. Ghafla yake ndiyo dalili: jana hapakuwa na kitu, leo kuna rundo. Ukitaka kupima maabara, chukua waliokufa punde, uwagandishe. Vimeng'enya na jua huendelea kuvunja ushahidi.

Kutokuwepo kwa maiti hakumaanishi usalama. Kuvunja sumu kunagharimu nishati, na mlishaji aliyemeza dozi ndogo anaweza kuishi lakini asahau njia. Huyo hafii mlangoni. Utaona tu kundi linapungua.

15. Dawa ya utitiri niliyoweka mwenyewe mzingani inaingia kwenye hesabu hii?

Inaingia kwanza kabisa. Tau-fluvalineti na kumafosi zinapenda mafuta, kwa hiyo hujikusanya kwenye nta na kukaa humo kwa miaka, zikikalia CYP9Q zile zile. Majaribio yameonyesha kwamba nyuki aliyekwisha kupewa moja huwa dhaifu kwa nyingine. Badilisha masega ya zamani, na usiweke dawa mbili kwa pamoja.

16. Ni kweli kuna nyuki wanaotafuta DDT kwa hiari?

Kweli. Madume wa nyuki wa okidi, Eufriesea purpurata, walionekana Amazonia wakikwangua kuta za nyumba zilizopulizwa DDT dhidi ya malaria na kuibeba, kama wanavyokusanya manukato ya maua ya kuvutia majike. Walipopimwa, walikuwa na kiasi ambacho kingeua nyuki wengine mara nyingi, nao wakaendelea kuruka.